Mwaka Niliokuwa Inspekta

Bi Zuwena alifariki mwezi uliopita, asubuhi ya Jumatatu, nyumbani kwa mpwa wake Nasra huko Sib, nje ya Maskati. Alikuwa ameshasali, ameshakunywa nusu kikombe cha chai ya tangawizi, akasema anataka kujinyoosha kidogo kabla jua halijawa kali. Siku tatu za matanga nilikaa kwenye zulia upande wa wanawake, mgongo ukutani, nikipokea kahawa na tende na kusikiliza watu wakimsifu marehemu: bibi mtaratibu, mkali wa usafi, fundi wa mkate wa kumimina, asiyependa maneno mengi. Yote ni kweli. Lakini mimi nilikaa naye mwaka mmoja nyumbani kwake Darsait, nikiwa na miaka ishirini na yeye anakaribia arubaini, na mwanamke niliyemjua mwaka ule alikuwa akiandika michezo ya kuigiza kuhusu mauaji ya London, akicheka peke yake mbele ya mashine ya taipu. Tangu siku ya maziko sijafanya kazi nyingine ya maana ila kuukumbuka mwaka huo. Nauandika hapa kama ulivyokuwa, pamoja na sehemu yangu ndani yake, ambayo si nzuri kama watu wanavyodhani.

Nilihamia kwake kwa sababu ya kozi ya ukarani iliyokuwa Ruwi, na kwake palikuwa karibu. Alikaa ghorofa ya pili, juu ya duka la kutengeneza viyoyozi, na kutwa tulisikia nyundo na redio ya mafundi wa Kihindi. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili, sebule yenye busati jekundu, na jiko jembamba ambalo watu wawili hawakuweza kupishana bila mmoja kuinua sufuria. Chumba changu kilitenganishwa na jiko kwa ubao mwembamba tu, hata nikilala mchana nilijua kitunguu kimeshaanza kubadilika rangi. Yeye alikuwa karani wa taipu katika kampuni ya kuuza rangi na mbao iliyokuwa na ghala lake kubwa katika mtaa uitwao Ghala, kwenye eneo la viwanda. Alirudi saa nane na nusu, tukala wali na mchuzi wa papa au samaki wa kukaanga, akalala kidogo, na baada ya sala ya alasiri akapangusa meza ile ile tuliyolia chakula, akaweka mashine yake ya taipu juu ya taulo ili majirani wasilalamike, akaanza.

Kila mwaka, baada ya Idi Kubwa, wanawake wa kwetu, watu wa Unguja na Pemba tuliorudi Oman, walikuwa na mkutano wao wa furaha. Mwanamume hakuruhusiwa hata mlangoni. Palikuwa na vyakula, ngoma kidogo, na mchezo wa Bi Zuwena, ambamo wanawake waliigiza watu wote, wake kwa waume. Alipokuwa skuli Unguja alisoma vitabu vingi vya zamani vya Kiingereza vya wapelelezi, na akili yake ilibaki huko, kwenye London ya karne ya kumi na tisa, ya magari ya farasi na taa za gesi. Nilipomuuliza kwa nini haandiki mambo ya huku, alinijibu bila kuinua macho: "Mambo ya London hayamuumi mtu hapa, mwanangu. Lodi akiiba, kaiba lodi. Hakuna atakaerudi nyumbani na kusema kasemwa mumewe."

Mchezo wa mwaka ule ulihusu tajiri mmoja, Sa Edmundi, yaani 'Sir' kwa ulimi wetu, mwenye ghala kando ya mto. Ghala linaungua, kibarua anafia ndani, na anayekamatwa ni Tomu, mchunga farasi, kwa madai kwamba aliacha kiko chake kinawaka. Anakuja inspekta na kuuliza watu maswali. Mwishowe anagundua kwamba mlango wa nyuma ulifungwa kwa nje, kwamba kibarua alikufa akiupiga ngumi mlango huo, na kwamba ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Sa Edmundi mwenyewe. Mimi nilichaguliwa kuwa inspekta kwa sababu nilikuwa na sauti nzito na nilihifadhi maneno haraka. Nilivaa koti la sufu aliloazima Bi Zuwena kwa mtu aliyewahi kusoma Ulaya, na katika joto la Maskati lile koti lilikuwa adhabu. Ukungu wa London tuliufanya kwa ubani: msichana alijificha nyuma ya kochi na chetezo, akipuliza, na kila siku ya mazoezi Sa Edmundi, yaani Bi Moza, mama mnene mwenye masharubu ya uzi mweusi, alishikwa na kikohozi katikati ya hotuba yake. Sikumbuki kama nimewahi kucheka tena namna ile.

Sikuifikiria sana ile hadithi ya ghala mwanzoni, ingawa nilipaswa. Miezi miwili kabla sijahamia Darsait, ghala la kampuni ya Bi Zuwena lilikuwa limeungua kweli, mchana wa Ijumaa, watu wakiwa wamepumzika. Kijana mmoja wa Kipemba, Hamadi, alifia ndani. Mwenzake, Makame, alikamatwa, kwa kuwa ilisemekana aliacha jiko la mafuta ya taa linawaka karibu na madebe ya rangi. Nilizisikia habari hizo kama alivyozisikia kila mtu, nikasikitika, nikaendelea na mambo yangu.

Mkewe Makame, Mwanaidi, alikuwa akija kwetu kila Ijumaa asubuhi. Alikuwa na mimba, kama mwezi wa sita hivi, na uso wake ulikuwa wa mtu asiyelala. Bi Zuwena alimpikia chakula cha kumpelekea mumewe kizuizini. Walikaa jikoni, mmoja juu ya mbuzi ya nazi na mwingine kwenye ndoo iliyopinduliwa, na mimi nikiwa kitandani upande wa pili wa ubao nilisikia yote. Nikisema kwamba sikukusudia kusikiliza nitakuwa mwongo. Nilikuwa inspekta, na mazoezi yalikuwa yamenipanda kichwani.

"Ripoti ya pili nimeipiga mimi, Mwanaidi," nilimsikia Bi Zuwena akisema siku moja. Nazi ilikuwa imesita kukunwa. "Kwa vidole hivi. Mudiri, mkubwa wetu wa ofisi, kasimama nyuma yangu ananisomea."

"Na ya kwanza?"

"Ya kwanza kaiandika msimamizi wa ghala kwa mkono wake, siku ya pili ya moto. Waya umepiga shoti juu ya madebe. Na mlango wa nyuma una kufuli, limetiwa kwa nje. Jiko halimo kabisa. Jiko wamelitia baadae."

"Ufunguo alikuwa nao nani?"

"Mwenyewe tajiri. Kaamrisha mlango ufungwe kila Ijumaa, watu wasitoke na makopo ya rangi."

Mwanaidi alilia kwa sauti ndogo, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Kisha akasema, "Basi sema, da Zuwena. Kwa Mungu, sema."

"Nkisema kwa mdomo tu nani ataniskiza? Yule anakula na wakubwa. Nna njia yangu mimi. Wewe mpelekee mumeo chakula, na usimwambie mtu kitu."

Nililala pale nikaunganisha mambo. Ghala, mlango, ufunguo, Tomu. Njia yake ni mchezo! Nilijiona nina akili nyingi. Na siku chache baadaye, tulipoambiwa kwamba ukumbi wa kawaida haupatikani, na kwamba Bi Ghaniya, mke wa tajiri yule yule, amejitolea nyumba yake kubwa ya Kurum kwa ajili ya sherehe, na Bi Zuwena akakubali, nilimwangalia kama mtu anayemwangalia shujaa. Atasema mbele ya mke wa tajiri, chini ya dari la tajiri! Sikumwambia kwamba najua. Nilitaka aone machoni mwangu tu kwamba niko pamoja naye.

Jumanne, siku mbili kabla ya mchezo, alinipa kurasa tatu mpya. Katika kurasa hizo inspekta anamrudia Tomu, Tomu anapiga magoti na kukiri kwamba kweli ni kiko chake, na Sa Edmundi anamsamehe na kumtafutia wakili. Nilisoma nimesimama, kijiko cha mchuzi mkononi.

"Bi Zuwena, lakini Tomu hakufanya."

"Ni mchezo, Thuraya. Watu waje wacheke, wale halua, wende zao."

"Na Mwanaidi?"

Aligeuka akaniangalia. Naikumbuka sura ile mpaka leo, na imenichukua miaka kuisoma. Wakati ule niliona mtu aliyefumaniwa katika woga wake. Sasa najua ilikuwa ni hofu ya aina nyingine: hofu ya mtu aliyebeba kitu kilichojaa tele na ghafla akamwona mtu anamjia kwa kasi.

"Mwanaidi anahusu nini na London?" akasema. "Hifadhi hizo kurasa, mwanangu. Na Bi Moza keshazipata zake."

Ningeweza kumwuliza. Tulikuwa wawili tu, na chakula kilikuwa bado hakijaiva. Ningemwambia, nimesikia, nambie una maana gani. Lakini nilikuwa nimeshamhukumu, na katika umri ule ukishamhukumu mtu huoni haja ya kumwuliza. Nilizihifadhi kurasa mpya, na kila nikimaliza kuzisoma nilizirudia zile za zamani kimoyomoyo.

Alhamisi baada ya alasiri nyumba ya Bi Ghaniya ilijaa wanawake zaidi ya mia, dhahabu na udi na watoto wa kike wanaokimbizana. Bi Ghaniya mwenyewe alikaa mbele, mama mpole mwenye sauti ya chini, ambaye kabla hatujaanza alikuja nyuma ya pazia kutuletea maji ya baridi kwa mkono wake. Aliniona ninavyotokwa na jasho ndani ya koti akaagiza feni iletwe. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba nilikuwa na chuki naye. Nilichokuwa nacho ni kile kiburi cha kijana anayedhani yeye peke yake ndiye mkweli katika nyumba nzima.

Mchezo ulikwenda vizuri. Ubani ulimkohoza Bi Moza mahali pale pale, watu wakaanguka kwa kucheka. Ikaja sehemu ya mwisho. Tomu alikuwa ameshapiga magoti tayari kukiri, ameshafungua mdomo. Nikampita. Nikaenda mpaka mbele ya Sa Edmundi, nikasema maneno ya mwanzo, yale ya asili: "Kiko hakifungi mlango, bwana. Kijana yule amekufa akipiga mlango ngumi. Nani alikuwa na ufunguo?"

Bi Moza alinitazama, akamtazama Tomu, akakosa la kufanya. Alikuwa amefanya mazoezi ya ule mwisho wa kwanza kwa wiki sita, na mkono wake ukaenda wenyewe kwenye mfuko wa kizibao, ambamo ufunguo ulikuwa haujatolewa bado. Akautoa. Watoto walipiga makofi. Wanawake wengi walicheka. Lakini wale waliokuwa na watu wao wanaofanya kazi kule Ghala, niliwaona wakinyamaza mmoja baada ya mwingine, kicheko kikapungua mpaka nikasikia feni inavyozunguka. Bi Ghaniya hakuniangalia mimi. Aliangalia upande, kwenye pembe ya pazia aliposimama Bi Zuwena na karatasi zake. Walitazamana kitambo. Kisha Bi Ghaniya akawa wa kwanza kupiga makofi, akasema, "Mashallah, mashallah," na halua ikapitishwa.

Tulirudi kwa teksi, Bi Zuwena dirishani. Alilipakata lile koti kama mgonjwa. Nilingoja anikaripie, na jibu langu lilikuwa tayari, zuri, lenye haki na dhulma ndani yake. Hakunipa nafasi ya kulisema. Ijumaa alipika, akala, akasali, akapiga pasi nguo zake za kazi. Jumamosi nilirudi kutoka kwenye kozi saa sita nikamkuta ameshakaa jikoni juu ya ndoo, anachagua mchele. Saa ile alitakiwa awe ofisini.

"Kaa," akasema. Palikuwa hapana pa kukaa, nikakaa juu ya mbuzi ya nazi.

"Leo mudiri alikuwa asafiri likizo," alisema, na vidole vyake havikuacha kuchagua. "Kila akisafiri huniachia mie funguo za kabati. Ripoti ya msimamizi ilikuwa imo mle, kwa mkono wake na saini yake. Wiki nyingi nangojea likizo hiyo, Thuraya. Nimeshaomba kuonana na mwendesha mashtaka, kesho saa tatu. Nlikuwa nitoe karatasi leo, nimpelekee kesho. Basi."

Nilitua daftari zangu za kozi sakafuni.

"Ule mchezo niliuandika zamani, kabla sijajua ntafanya nini. Nliuandika kwa hasira. Nilipopata njia ya kweli nkaubadilisha, ili nyumba ya tajiri isishtuke mpaka Jumamosi. Siku mbili tu nlikuwa nazitaka." Akatupa kijiwe kwenye sahani. "Leo nimekuta kabati tupu, limefutwa hata vumbi. Mudiri hasafiri tena. Kanambia nkapumzike nyumbani mpaka niitwe. Najua sintoitwa."

"Mbona hukunambia?" Sauti yangu haikuwa ya inspekta.

"Mbona hukuniuliza?"

Hakusema kwa ukali. Aliosha mchele akauteleka, na tulipokula alinipa kipande cha samaki chenye mnofu, kama kawaida.

Kesho yake saa tatu alikwenda kwa mwendesha mashtaka bila karatasi yoyote. Nilitaka nimsindikize, akanikataza. Alivaa abaya yake ya sherehe na kuondoka na mkoba mtupu, kwa sababu alizoea kutoka na mkoba. Alieleza kwa mdomo, wakamwandika, akatia saini. Walimsikiliza kwa heshima, alisema, lakini walimwambia kwamba maneno ya karani mmoja aliyesimamishwa kazi hayatoshi, na kwamba msimamizi mwenyewe lazima apatikane. Msimamizi alikuwa ameshapandishwa ndege kurudi kwao. Kumtafuta, kuandikiana naye, na kumpata akubali kusema kulichukua miezi mitano. Miezi mitano Makame alikaa ndani kwa jambo ambalo karatasi moja ingelimaliza kwa siku chache. Mtoto wake wa kwanza, Rahma, alizaliwa katikati ya miezi hiyo. Nilikwenda kumtazama hospitali, nikamshika, nikamrudisha haraka kwa mama yake.

Makame alitolewa. Tajiri hakuguswa. Ilisemekana kwamba kufuli lilitiwa na kibarua fulani ambaye hakuna aliyelijua jina lake, ghala likajengwa upya mahali pale pale, likapakwa rangi. Bi Ghaniya hakuonekana tena kwenye mikutano yetu. Bi Zuwena alianza kushona nguo nyumbani, na mashine ya cherehani ikachukua nafasi ya mashine ya taipu juu ya ile meza. Hakuandika mchezo mwingine.

Na mimi nikawa shujaa. Hilo ndilo jambo ambalo sikulitegemea, na ndilo lililonisumbua kuliko yote. Wanawake walisimuliana kutoka Darsait mpaka Sib jinsi msichana mdogo alivyosimama nyumbani kwa tajiri na kuuliza habari za ufunguo, na kwamba tangu siku ile kesi ikageuka. Yale ya kabati, na ya safari ya Bi Zuwena na mkoba mtupu, yalikuwa hayajulikani, maana mwenyewe hakuyasema, na Mwanaidi alimwambia tu kwamba ile njia yake imezibika, na karatasi za mwendesha mashtaka hazisomwi jikoni. Wiki aliyotoka mumewe, Mwanaidi alipanda ngazi zetu na sinia ya vitumbua, mtoto mgongoni, akanishika mikono yangu miwili na kuibusu. "Wewe ndie ulomtoa," alisema. "Mungu akupe unalolitaka." Nilimtazama Bi Zuwena juu ya bega lake. Alikuwa anatia uzi kwenye sindano.

Mwanaidi alipoondoka nilisema nitamfuata nimweleze ukweli. "Mwache," Bi Zuwena akasema. "Katoka kwenye dhiki, ana furaha. Ukimwambia sasa utaupunguza mzigo wako wewe, umtwike yeye." Nikatii. Nilijiambia kwamba natii. Lakini mwaka ulipokwisha nikahama, nikaolewa, nikafanya kazi benki miaka ishirini na minane, na kila nilipokutana na Mwanaidi kwenye harusi au maziko alinibusu mikono vile vile, na ile sababu ya kumhurumia ilishapitwa na wakati zamani sana. Nilichokuwa nakilinda wakati huo kilikuwa changu. Bi Zuwena nilikuwa nikimtembelea kila mwezi, tukala, tukazungumza habari za bei na magonjwa, na hata siku moja hakunikumbusha.

Siku ya tatu ya matanga Mwanaidi alikuja na Rahma, ambaye sasa mwenyewe ana watoto skuli. Alikaa karibu yangu, akawageukia mabinti wa Nasra waliokuwa wakipitisha kahawa. "Mnamjua huyu?" akawauliza. "Huyu ndie alomtoa mume wangu ndani."

Nikasema, "Siyo mimi."

Alicheka, akidhani ni adabu. Nikamshika mkono nikamwambia yote, pale pale kwenye zulia, kwa sauti ya chini: kabati, likizo ya mudiri, siku mbili alizozitaka Bi Zuwena, na miezi mitano. Sikujitetea kwa ujana wangu. Nilimalizia kwenye mkoba mtupu.

Mkono wa Mwanaidi haukuondoka kwenye mkono wangu, lakini ulikuwa hauna uzito tena, kama kitu alichokisahau. Nilikuwa nimejitayarisha kuulizwa habari ya ile miezi mitano. Nilidhani ataniuliza habari ya mtoto aliyezaliwa baba yake hayupo, na sikuwa na jibu, lakini angalau swali nililijua.

"Zuwena nimekutana nae mwezi wa Shaabani," akasema mwisho. "Nimekaa nae nyumba hii hii. Tumekula. Nkamsifia wewe, Thuraya. Mbele yake. Miaka yote hiyo nakusifia wewe mbele yake." Akanitazama, na hapakuwa na hasira machoni mwake. Ingekuwepo ningefarijika. "Mbona hukunambia alipokuwa hai, nkamshukuru?"

Alinisubiri kidogo, kwa ustahamilivu, kama mtu anayempa mwenzake haki yake. Kisha akauweka mkono wangu juu ya goti langu, akainuka kwa taabu, akishikilia bega la Rahma, akavuka zulia mpaka alipokaa Nasra. Akakaa mbele yake, wakagusana magoti.

"Mwanangu," nilimsikia akisema, "njoo karibu. Nataka nkwambie alichonifanyia shangazi yako."